Mulei na Machozi ya Mjane

Kuna mafundi wanaolisikiliza gari, kuna wanaolinusa, na kuna wale wanaolipiga teke kwanza ndipo waulize linaumwa wapi. Mulei wa mtaa wa Kongo, pale Kawangware, Nairobi, alikuwa akilionja. Ukimletea gari lenye maji sakafuni hakukimbilia boneti. Alichutama mlangoni, akachovya kidole kwenye dimbwi, akakitia ulimini, akafumba macho kama mpishi wa harusi anayepima chumvi, kisha akatema kando na kutoa hukumu. Yakiwa matamu, ni dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, imevuja. Yakiwa na ladha ya vumbi na bati, ni mvua.

"Na yakiwa ya chumvi?" watu walimchokoza.

"Yakiwa ya chumvi, mwenye gari analia. Mpe pole uende zako."

Dawa ya rejeta ni sumu, na Mulei alijua hivyo, maana aliambiwa kila siku na Nafuna, aliyeshona vitambaa vya viti vya magari kwenye kibanda kilichopakana na gereji yake. "Siku moja utaonja uanguke hapo," Nafuna alimwambia, mdomo umejaa pini. "Mimi nitawaambia nini watu wa kwenu?"

"Waambie nilikufa kazini."

"Nitawaambia ulikufa na ujinga."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyompa Mulei usingizi mtamu. Alimpenda Nafuna kwa ulimi wake mkali, na alipenda mshono wake pia, mdogo na wa karibu karibu, usioachia uzi hata ukivutwa na mtu mwenye makalio mazito.

Lakini nisimkimbize mtu kabla hajafika. Mulei alizaliwa Kitui, upande ule ambako mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na maji ya kunywa huchimbwa. Mama yake alikuwa na jina kijijini kwa kazi hiyo. Wanawake wengine wakiona mchanga umelowa walichimba palepale, wakaambulia kikombe cha tope. Mama Mulei alipatazama palipolowa, akapapuuza, akapanda juu ya mto na kuchimba ubavuni mwa mwamba, na maji yakaja. "Maji ni mgeni mjanja," alimwambia mwanawe. "Usihangaike na pale alipoketi. Muulize ametoka wapi." Mulei alikuja na msemo huo Nairobi, na ndio uliokuwa cheti chake cha ufundi. Hakuwa na kingine.

Sasa, Nafuna alikuwa na baba. Mzee Wanzala alikuwa seremala wa Soweto West, kule Kibera, mtu wa Busia, mzee wa kanisa na sauti nzito ya kwaya. Akicheka ulimwona pengo la jino la mbele, lakini mbele ya Mulei hakuwa akicheka. Alikuwa amesikia kwamba binti yake anatafutwa na Mkamba, na habari hiyo ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Nairobi kila kabila limeshonewa kesi yake. Waluhya, kabila la mzee, wameshonewa ulafi wa kuku, na kesi hiyo hawaikatai. Wakamba wameshonewa kamuti, ule uchawi unaosemekana unaweza kumfanya mwizi aliyeiba ng'ombe aanze kula nyasi. Mulei hakujua kamuti zaidi ya vile alivyojua kuruka angani, lakini ungemweleza nini mzee aliyekwisha kuamua? Wanzala hakumwita kwa jina lake hata mara moja. Alimwita "wewe fundi", na Mulei akigeuka mgongo, "huyo Mkamba".

Mzee huyu alikuwa na gari. Lilikuwa jeusi na kuukuu, alilopewa na tajiri wake wa zamani alipofunga karakana, na lilikuwa likilowa ndani bila kukoma. Kwa weusi wake na kulia kwake, watu wa Soweto West walilibatiza Mjane. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mvua ya El Nino, tisini na saba, wakati vijia vya Kibera viligeuka mito na chumvi jikoni ikageuka mchuzi ndani ya kopo. Kila mtu alilowa mwaka huo. Lakini Mjane alilowa hata siku ya jua, na mzee wa kanisa hapendi kushuka garini Jumapili viatu vikitoa sauti kama chura.

Mulei alipojitolea kulitengeneza, Wanzala alimtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe fundi," alisema. "Mtu akishindwa na dimbwi ndani ya gari, ataweza nyumba?"

"Hapana, Mzee."

"Haya. Kausha hilo gari. Siku nitapanda nishuke na miguu mikavu, nitakuja na ndugu yangu Murunga tuone boma lako. Usipoweza, uache msichana wangu akae."

Kwa hiyo ndoa yote ya Mulei ikawa imelala chini ya kapeti la gari. Alicheka aliposikia sharti lile. Kati ya mitihani yote duniani, mzee alikuwa amemchagulia ule aliozaliwa nao.

Alichovya, akaonja, akatema. Tamu! Kwa kuwa maji yalikuwa mbele, upande wa abiria, na yana rangi ya kijani, hakuhitaji kufikiri sana. Nyuma ya dashibodi ya gari kuna rejeta ndogo ya hita, ya kuwapasha moto watu wa nchi za baridi, na ile ya Mjane ilikuwa imeoza. Mulei aliitenga, akaunganisha mipira yake miwili kule kwenye injini, maji yakazunguka bila kuingia ndani. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Akajipa hongera, na hapo ndipo alipokosea, maana Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha na Mjane akalia tena.

"Buda amerudi na soksi mkononi," Nafuna alimletea habari za baba yake. "Hasemi kitu. Anakuangalia tu ukiwa hauko."

Safari hii yalikuwa na ladha ya vumbi na bati. Mvua. Lakini mvua inaingilia wapi? Mulei alimwomba Nafuna unga wa ugali aliomnunulia mama yake, akaunyunyiza mwembamba chini ya dashibodi na juu ya kapeti lote, mbele na nyuma, ili maji yakipita yaache njia nyeusi juu ya weupe. Nafuna aliona unga ukimwagwa akashika kichwa.

"Mulei! Unga ya watu! Mathe akiona hii atakuzika."

"Shika tochi, uingie, uniambie yanaanzia wapi."

Akapanda juu ya boneti na ndoo, akamwaga maji kioo cha mbele pole pole, na Nafuna ndani amejikunja chini ya dashibodi akipiga kelele, "Bado! Bado! Ngoja! Hapa! Wee, yananiingia kwa nywele!" Wapita njia wa Kongo walisimama kutazama mwanamume anayeogesha gari na mwanamke anayelia ndani yake. Wawili hao walikuwa na furaha isiyo na kifani. Mwishowe njia nyeusi iliwapeleka hadi chini ya wipa, kwenye tundu la kupitishia maji ya mvua, ambalo lilikuwa limezibwa na maua ya jakaranda. Kanisa la Mzee Wanzala lilikuwa na mjakaranda mkubwa, na Mjane alilala chini yake. Mulei alichomoa maua yaliyooza kwa waya, akaziba mpira wa kioo, akapangusa unga. Sema aliupangusa kwa haraka, kwa sababu Nafuna alikuwa akimcheka na mtu akichekwa na Nafuna mikono yake haikuwa na umakini. Mwingine ulibaki chini ya viti vya nyuma.

Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi mbele pakawa pakavu kama Kitui yenyewe. Mzee alipanda, akashuka, akatazama viatu vyake pande zote mbili. Hakusifu, lakini alituma neno: Jumapili baada ya ibada, yeye na Murunga watakuja Gatina, kwa shangazi yake Mulei aitwaye Nzembi, kuona boma.

Siku mbili tatu kabla ya Jumapili hiyo, Nafuna alikuja gerejini bila utani usoni. "Kumelowa tena. Nyuma, kwa kiti buda hukaa akingojea mathe."

Mulei alikwenda mbio. Gari sasa lilikuwa likilala ndani ya kibanda cha useremala, chini ya mabati, halijaguswa na tone. Alichovya kidole nyuma, akaonja. Akaonja tena. Tamu! Alifungua rejeta: imejaa hadi mdomoni, haijapungua hata kikombe. Alikagua mipira aliyoiunganisha: mikavu. Alishusha dashibodi nzima, akairudisha, na skrubu kadhaa zikabaki mkononi kama kawaida ya skrubu. Hakupata kitu. Maji matamu yalitoka pasipo na maji, ndani ya gari lisilovuja, chini ya paa.

Aliogopa. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kwa Nafuna. "Ulimi wangu umeharibika," alimwambia. "Au kweli kuna kitu."

"Usianze na wewe," Nafuna alimjibu, lakini na yeye sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa na mzigo mwingine. Daktari alikuwa amempata baba yake na ugonjwa wa sukari, na tangu hapo mama yake, Mama Trizah, alikuwa amegeuka askari: chai ya mzee bila sukari, soda marufuku, hata ndizi mbivu ziliwekwa juu ya kabati. Hata hivyo kila mzee akipimwa sukari ilikuwa juu, na mara ya mwisho daktari alitaja miguu na macho. "Mathe analia," Nafuna alisema. "Anadhani ni yeye hajui kupika."

Jumapili ikafika, na fumbo la maji halijateguliwa. Mulei alivaa suti yake, ambayo ilikuwa moja, akasimama nje ya ploti, nyumba za kupanga alikoishi Shangazi Nzembi huko Gatina, akiomba Mungu awape wageni miguu mizito isiyohisi.

Mungu alikuwa na mipango mingine, na mpango huo uliitwa Murunga. Mdogo wake Wanzala alikuwa amefika kutoka Busia, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na adabu za kizamani. Kwa adabu hizo, alipoona Mjane ana kapeti, alivua viatu kabla ya kupanda, maana nyumba yenye kapeti haiingiwi na viatu. Alipanda nyuma na soksi zake mpya nyeupe. Kutoka Soweto West hadi Gatina, kwa mashimo ya mwaka ule, alikanyaga na kukanyaga, akasugua na kusugua. Gari liliposimama, mlango wa nyuma ulifunguka kabla ya mingine, akashuka mtu anayecheza ngoma isiyo na wapigaji.

"Woi! Woi! Ninaliwa! Wanzala, ninaliwa mimi!"

Soksi zake zilikuwa zimelowa hadi kifundoni, zimepakwa uji mweupe, na juu ya uji ule sisimizi walikuwa wakipanda kwa mistari kuelekea goti. Ploti nzima ilitoka. Shangazi Nzembi alikuja na mwiko mkononi. Mama Trizah na Nafuna walishuka wakiwa wamejishika midomo. Murunga alivua soksi moja, akaiinua juu kama bendera.

"Mmeona hii? Mmeona hii maneno? Gari haijanyeshewa, iko na maji. Maji iko na unga mweupe. Unga iko na wadudu! Kwetu Busia tukiona kitu kama hii hatuulizi kama ni rejeta. Hii ni kamuti! Huyu mtoto ametegea ndugu yangu ndani ya gari!"

Watu wakaanza kuhesabu ni nani amesimama karibu na nani. Nzembi alishusha mwiko. Uso wa Mzee Wanzala ulikuwa umefunga kama duka siku ya maandamano, na Mulei aliona kabisa Nafuna akiondoka mikononi mwake, hivi hivi, mchana kweupe, kwa ajili ya soksi.

Sijui nini kilimwingia. Labda ni mazoea tu. Alimwendea Murunga, akasema, "Samahani, Mzee," akachukua ile soksi mkononi mwake, akaionja.

Wanawake waliguna kwa pamoja. Murunga alirudi nyuma hatua nzima. "Amekula soksi yangu! Mashahidi mpo! Amekula soksi!"

Lakini Mulei alikuwa amefumba macho. Chini ya ladha ya unga, na chini ya ladha nyingine ambayo aliapa hatamsimulia mtu maishani, ulikuwepo ule utamu. Na utamu huu haukuwa wa dawa ya rejeta. Ulikuwa mzito, wenye moshi kidogo, kama kitu kilichopikwa. Kwa nini hakuutambua siku zote zile? Kwa sababu alikuwa akitafuta rejeta, na mtu akitafuta rejeta hata asali huonja kama rejeta. Alifungua macho akawatazama sisimizi kwenye kapeti. Hawakuwa wamezagaa. Walikuwa na barabara yao, na barabara ile ilikuwa ikishuka kutoka kwenye kiti. Usihangaike na pale alipoketi. Muulize ametoka wapi.

"Nipeni nafasi," alisema. "Nitatafuta mbele yenu nyote. Nikikosa, nitaondoka mwenyewe."

Alipiga magoti kwenye mlango wa nyuma na kupitisha mkono chini ya kiti. Kitambaa cha kiti kile kilishonwa na Nafuna, na Mulei aliujua mshono wake kuliko alivyojua mistari ya kiganja chake. Lakini huku chini palikuwa pamefumuliwa, kisha pakashonwa upya kwa uzi wa katani, mishono mirefu ya kufungia gunia, kazi ya mkono uliozoea nyundo. Akaingiza vidole. Akagusa kitu kinachonata, kimefungwa kwenye nailoni na leso ya kwaya. Akakivuta hadi alipoweza kukiona, akiwa bado amekiziba kwa kifua chake.

Kilikuwa bonge la sukari nguru, ile ya miwa inayotengenezwa kule kwao magharibi. Ikiwa chumvi jikoni iligeuka mchuzi mwaka ule, sukari nguru ndani ya kiti ingeponaje? Ilikuwa imeyeyuka nusu, ikitiririka polepole kwenye sponji, kapeti, na hatimaye soksi. Upande uliobaki mgumu ulikuwa na alama za meno. Na katikati ya alama hizo, palipotakiwa kuwa na jino la mbele, palikuwa na pengo.

Mulei aliinua kichwa. Wanzala alikuwa amesimama ng'ambo ya gari, akimtazama kupitia dirisha. Wengine wote waliona mzee wa kanisa aliyesimama wima. Mulei aliona mtoto aliyeshikwa na kijiko ndani ya kopo la sukari. Na nyuma ya mzee alikuwa Mama Trizah, aliyelia kwa kudhani hajui kupika.

Alitamani kulinyanyua juu lile bonge. Lazima niseme hivyo, asionekane malaika. Alitamani sana. Angesema neno moja tu, na kamuti ingekufa, na Murunga angemeza maneno yake pamoja na sisimizi, na yule mzee asingeweza tena kumwita "huyo Mkamba" bila kuona haya. Badala yake alilifutika lile bonge ndani ya koti la suti yake, akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau chupa ya dawa ya rejeta chini ya kiti nikitengeneza. Imepasuka. Ni makosa yangu."

"Na unga?" Murunga alinguruma.

"Unga ni ya ugali," Nafuna alijitokeza, kidevu juu. "Mimi ndio nilinunua. Tulikuwa tunatafuta njia ya maji. Onja, Baba Mdogo."

Murunga alichukua unga kidogo chini ya kiti kwa ncha ya kidole, akauonja, na kwa kuwa kuhusu ugali hakuna mtu wa Busia anayedanganywa, uso wake ulilegea. "Ni wa ugali," alikubali. "Kumbe huyu si mchawi. Ni mjinga tu." Akawageukia watu wote kama jaji. "Mchawi hatuwezi kuoza binti. Mjinga tutavumilia."

Watu walicheka hadi Nzembi akaangusha mwiko, na wageni wakaingia ndani. Mulei alikaa mkao wa adabu saa nzima ile, anatabasamu, anajibu maswali ya ukoo, na sukari nguru inayeyuka mbavuni mwake. Sisimizi nao hawakuwa wameacha kazi. Mara moja Mzee Wanzala alipoinua macho kutoka kwenye kikombe alimwona mmoja akitokeza kwenye kola ya Mulei, akitazama huku na huku. Mulei hakukuna. Mzee aliinamisha macho. Alipoondoka hakutoa jibu. Alisema tu, "Tutaongea."

Na kweli alikuja kuongea, siku iliyofuata, peke yake, akaegesha Mjane mbele ya gereji. Nafuna alikuwa ameenda kununua uzi.

"Wewe fundi. Iko wapi?"

"Nini, Mzee?"

"Usinizungushe. Kitu yangu."

"Niliitupa chooni."

Wanzala alikaa kwenye tairi kuukuu kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Chooni," alirudia. "Nimekulia katikati ya miwa, mimi. Wamechukua chai yangu. Wamechukua soda. Hata ndizi zimepandishwa kabati. Nilibaki na hiyo peke yake, nilambe kidogo nikingojea mama yenu atoke kwa mkutano wa akina mama." Aliinua uso. "Sikia. Umenisitiri jana, nimeona. Wewe si mtu mbaya. Sasa nunua ingine, uniwekee pale pale, uzibe vizuri isivuje, wewe unajua kuziba. Ukifanya hivyo, Nafuna ni wako leo. Ukikataa, mimi sina msichana wa kupea Mkamba."

Mulei aliweka spana chini. Ilikuwa kazi rahisi kuliko zote alizowahi kuombwa. Bonge moja, nailoni nzito, mshono wa karibu karibu. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana, Mzee."

"Nini?"

"Nafuna hulia ukienda kupimwa. Mama pia. Daktari ametaja miguu na macho. Mimi nikikuwekea hiyo kitu, siku utaanguka nitamwangalia aje? Afadhali mimi nikose Nafuna, kuliko Nafuna akukose wewe."

Mzee Wanzala alitazama Mjane, akatazama mikono yake ya useremala, akasimama kwa taabu. Alifungua mlango, akapapasa kapeti la nyuma kwa kiganja. Lilikuwa kavu. Akaingia, akawasha injini, akateremsha kioo.

"Jumamosi kuja Soweto na wazee wako," alisema. "Sukari msilete."

Shangazi Nzembi alipoambiwa alitaka kulia. "Tangu lini watu wanaenda posa bila sukari? Watasema tulitoka jangwani!" Lakini Mulei alishikilia, na Jumamosi walifika Soweto West na kikapu chenye majani ya chai, mikate, unga, mafuta, maziwa, na leso ya Mama Trizah. Mama Trizah alitoa kitu kimoja kimoja akishukuru. Alipofika chini ya kikapu alipapasa, akapapasa tena, akakiinamisha. Hakuna sukari. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akikagua mabati ya paa kana kwamba ameyaona siku hiyo. Mama Trizah alikunja kikapu taratibu, akaingia jikoni, na huko Nafuna alimkuta anapangusa macho kwa upande wa kanga huku anacheka.

Chai ilipoletwa, ilikuwa ile ile ya mzee, bila sukari, kwa kila mtu. Mulei alionja kwanza, kwa mazoea, na Murunga akafuata kuinua kikombe. Alipiga funda, akasimamisha shingo, akachungulia ndani ya kikombe.

"Hapana," alisema. "Hapana! Nilisema mimi tangu mwanzo, mkanicheka. Huyu Mkamba ako na kitu. Chai imekufa mdomoni!"

Wageni wa Kitui waliinamisha vichwa. Mzee Wanzala aliinua kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua mpaka majani yakaonekana, akakirudisha mezani.

"Kunywa, Murunga," alisema. "Mwanangu ameshaionja."